Mvua ya Jongoo

1

Siku hizo mvua ya Chigomba ilinyesha saa tisa alasiri juu ya Jongoo, na haikunyesha mahali pengine popote. Siku niliyofika nilisimama nje ya geti, hatua moja kutoka ilipokuwa inapiga, vumbi likiwa limenifika vifundoni. Ng'ambo ya uzio maji yalikuwa yanamwagika kwa kishindo kwenye mabwawa ya kiwanda. Nilipenyeza mkono kwenye nondo nikaishika mvua ya kwetu, nikaurudisha umelowa hadi kiwikoni. Mlinzi akaniambia nisifanye hivyo, ni mali ya kampuni. Jibu nililokuwa nalo lingenifukuzisha kazi kabla sijaianza.

Naitwa Merina Kaduma, na wakati huo nilikuwa mhakiki wa Tume ya Vivutio. Zamani serikali iliwabembeleza wawekezaji kwa msamaha wa kodi na viwanja vya bure. Baadaye kila wilaya ikawa inatoa hivyo hivyo, hakuna aliyevutiwa tena, ndipo mtu fulani ofisini kwetu akabuni kuwapa mvua. Minara minne husimamishwa kuzunguka kiwanda, ikapuliza angani vumbi la chumvi lenye umeme. Mawingu ya kata nzima huvutwa pale, matone yakashikana, yakawa mazito na kuanguka ndani ya uzio. Kampuni ikihamia kwenu na kuwapa wakazi mia sita ajira ya kudumu, mvua yenu ni yake kwa miaka saba. Isipofikisha mia sita, hati inafutwa na minara inang'olewa. Miaka saba ya Chigomba ilikuwa inakaribia kwisha, kampuni ilikuwa imeomba mingine saba, na mimi nilitumwa kuhesabu watu.

Jongoo ni jina ambalo wenyeji walikipa kiwanda chenyewe. Huosha betri chakavu na kutoa madini yake, kazi inayotaka maji yasiyo na chumvi, na visima vyetu vyote ni vya chumvi. Ana miguu themanini ya chuma kila upande. Hati ikiisha hukunja mabomba, huinuka, na ndani ya siku tisa yuko wilaya nyingine iliyomwahidi zaidi. Kabla yetu alikuwa amekwisha kula mvua ya wilaya tatu, na kila moja ilimpokea kwa ngoma.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Tume haikulijua. Mhakiki haruhusiwi kwenda mahali penye ndugu zake, na mimi nilizaliwa Chigomba. Kwa kuwa natumia jina la mume wangu, hakuna aliyeuliza, nami nilinyamaza makusudi. Nilitaka kumwona huyo Jongoo kwa macho yangu.

2

Meneja, Bwana Mhina, alinikaribisha kwa chai ya tangawizi na sahani ya zabibu. Nilimuuliza zabibu zimetoka wapi, akasema huagizwa kutoka nje. Mimi nilikulia mahali ambapo kila mtoto alikuwa na doa la zabibu kwenye shati la shule. Baba yangu alikuwa na ekari mbili za mizabibu, na sasa shamba lile ni vijiti vikavu ambavyo hata mbuzi wanavipita. Nilikula moja kwa adabu. Ilikuwa tamu, na utamu wake ulizidi kunikasirisha.

"Mia sita na kumi na mbili," alisema, akinionyesha kishikwambi chake. "Kila mfanyakazi akiingia anaweka kiganja getini, mashine inasoma mishipa ya damu. Mishipa haighushiwi, mama. Hapa hakuna wafanyakazi hewa."

"Naomba nione wanapobadilishia nguo."

"Kuna nini cha kuona huko?"

"Nguo," nilisema.

Wahakiki wenzangu wengi hutazama mashine, hunywa chai na kuondoka. Mimi huhesabu misumari. Mtu mwenye kazi ana msumari wa kutundikia ovaroli yake, hilo halihitaji mashine. Jongoo hula umeme wa jua na jua likizama naye huzima, kwa hiyo hana zamu ya pili wala ya tatu. Misumari ilikuwa mia mbili na minne. Niliihesabu mara mbili huku Bwana Mhina akitazama simu yake kwa utulivu wa mtu aliyeshiba.

Wafanyakazi wakaanza kutoka. Wa nne alikuwa anaburuta miguu, gambuti zake zikipiga kofi sakafuni kila hatua. Alipoinua uso nikamtambua. Alikuwa Yoeli, mume wa dada yangu Yunisi.

Alinitambua pia, na akanitazama kama mtu asiyenijua kabisa. Alifanya hivyo kwa ajili yangu, nami kwa heshima ileile ningemwacha apite. Lakini miguu yake ilikuwa inanisumbua.

"Naomba uvue gambuti," nilimwambia.

"Zinanitosha, mama mhakiki."

"Naomba uvue."

Alivua. Ndani, kwenye vidole, kulikuwa na matambara yaliyoshindiliwa ili kupunguza nafasi. Niliyatoa, nikaona maua ya bluu na pindo jekundu. Ilikuwa kanga niliyomtumia Yunisi alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Upande wa ndani wa mpira kulikuwa na majina matatu yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kila jina na wiki yake: Yoeli, Maligo, Yunisi. Maligo ni jirani yao, mwanamume mrefu mwenye miguu mikubwa, na gambuti zilinunuliwa kwa kipimo chake.

"Wanapenda gambuti pana," alisema Bwana Mhina nyuma yangu. "Hewa inapita."

Nilirudisha matambara mahali pake, nikamwambia shemeji yangu avae.

3

Nilikwenda kwa Yunisi jioni ileile, jua bado liko juu. Nilimkuta uani akisonga ugali wa uwele. Kando kulikuwa na mlenda wa kukausha ndani ya pakiti ya dukani, yenye nembo na tarehe ya mwisho. Mlenda ni jani linaloota lenyewe penye mvua, hata nyuma ya choo. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja tutaununua.

"Mbukwa, dada," nilimsalimia kwa lugha ya kwetu.

"Mbukwa. Nimepigiwa simu. Umemvua mume wangu viatu mbele za watu."

"Nilikuwa kazini."

"Najua. Na yeye alikuwa kazini." Alizungusha mwiko, hakunitazama. "Kaa. Uliza unachotaka kuuliza."

Nikauliza, akanieleza bila kuficha kitu. Jongoo alipofika aliahidi nafasi mia sita na akatoa mia mbili na nne, nyingine zingekuja baadaye. Watu walipigana getini. Kijana mmoja alivunjwa taya kwa ajili ya nafasi ya kubeba ndoo. Ndipo Yunisi, ambaye alikuwa mshika daftari wa upatu wa akina mama, akasema kazi nazo zichezwe kama upatu. Watu watatu wakachukua nafasi moja. Wiki hii wewe, wiki ijayo yule, wiki ya tatu mimi. Mshahara ukawa mdogo, lakini hakuna nyumba iliyolala njaa na hakuna taya nyingine iliyovunjwa. Daftari lilikuwa lake mpaka leo.

"Na kampuni?"

"Walijifanya hawaoni. Halafu mwaka wa pili wakasema sawa, lakini tuandikishe viganja vyote, ili zamu ziende kwa utaratibu." Aliweka mwiko chini. "Tukashangilia, Meri. Tulipanga foleni siku mbili nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa naita majina."

Nikaelewa, na damu ikanipanda kichwani. Sikuwa nimewahi kuona wizi safi kama ule. Watu wamegawana uhaba wao kwa haki, kwa kuaminiana, bila hakimu wala polisi, halafu mwenye kiwanda anaunyanyua ule uungwana wao na kuupeleka serikalini kama wingi. Mtu mmoja akahesabiwa mara tatu, na kwa hesabu hiyo wakanyang'anywa mawingu.

"Ni nafasi mia mbili na nne," nilisema. "Nikiandika hivyo hati inafutwa. Mvua inarudi."

"Na mimi naenda jela."

Nilikijua kifungu alichokuwa anakifikiria, kifungu cha kumi na tisa. Anayetumia ajira ya mwingine ili kupata faida ya kivutio afungwe miaka miwili. Tulikitunga sisi wenyewe Tume, tukidhani tunawakamata matajiri.

"Mimi kwanza, kwa sababu daftari ni langu," alisema. "Halafu Yoeli. Halafu Maligo na wengine mia sita. Mtatujengea gereza hapahapa au mtatusafirisha? Andika mia sita na kumi na mbili, ule, ulale, urudi mjini kwenye maji yako ya bomba."

"Miaka saba mingine, dada? Shamba la baba—"

"Shamba la baba limekufa. Umelijua leo? Mimi ndiye niliyekuwa nalimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo mpaka likanishinda. Wewe ulituma kanga."

Alipakua, tukala. Yoeli aliporudi alinisalimia vizuri, akaniita shemeji, akakaa mbali nami na kuinamisha kichwa kwenye sahani yake.

4

Asubuhi nilirudi kwa Bwana Mhina nikiwa sijalala. Nilimwambia nimeona misumari. Hakujisumbua kukana.

"Sisi tunahesabu watu," alisema. "Hatuhesabu misumari. Sheria inataka wakazi mia sita wawe na ajira ya kudumu. Hawa wamedumu miaka sita. Utamwondoa nani? Utamwondoa mdogo wake nani, dada yake nani?" Akanisogezea sahani ya zabibu. "Nimeuliza habari zako, mama. Yunisi wa daftari ni dada yako wa tumbo moja. Tume wanajua?"

Niliirudisha sahani upande wake.

"Sikutishi. Nasema tu kila mtu hapa ana cha kulinda. Wilaya ya kaskazini wametuahidi miaka kumi na moja, na mto wao wote. Nikitaka naondoka kesho. Nimewahurumia watu wako."

Nimefanya kazi na watu wabaya, ila huyu aliposema amewahurumia nilitamani kummwagia chai usoni. Badala yake nilifungua mkoba nikatoa kishikwambi changu chenye Fomu Namba Saba.

Fomu hiyo karibu imesahaulika. Inamtaka mwajiri kuorodhesha kila mfanyakazi kwa jina na kiganja, na kutia saini mbele ya kila jina kwamba huyu ni mwajiriwa wake wa kudumu, wa kila siku ya kazi, asiyepokezana na mtu. Wahakiki huiruka kwa sababu ni ndefu.

"Nikiandika mia sita na kumi na mbili," nilisema, "nataka karatasi ya kunifunika. Leo au kesho mtu atauliza."

Bwana Mhina akatabasamu. Machoni pake nilikuwa mtu wa aina anayoifahamu, mtumishi wa serikali anayejifunika kwa karatasi kabla ya kusaini uongo. Alikuwa amewaona wengi katika wilaya tatu. Akavuta orodha yake ikaingia kwenye fomu, akaanza kusaini kwa kidole, jina baada ya jina, akinisimulia habari za watoto wake wanaosoma ng'ambo. Ilimchukua saa nzima. Niliona jina la Yunisi likipita, na la Maligo, kila moja likiwekewa saini.

Alipomaliza niliituma fomu makao makuu papo hapo. Kuanzia dakika ile hakuna mtu wa Chigomba aliyekuwa anatumia ajira ya mwingine. Mwajiri mwenyewe alikuwa amekiri kwamba wote ni wake, wa kila siku. Kifungu cha kumi na tisa hakikuwa na mtu wa kumshika.

Kisha nikatuma ilani chini ya kifungu cha ishirini na mbili, ya ukaguzi wa pamoja. Wafanyakazi wote waliotajwa wafike kazini siku moja, saa moja, zamu moja. Ilani huingia kwenye simu ya kila mmoja. Niliipanga Jumatatu saa nane mchana.

Bwana Mhina aliisoma kwenye simu yake. Tabasamu lilikaa usoni mwake kitambo, halafu likaondoka.

"Hawatakuja," alisema. "Wana akili kuliko wewe."

Sikuwa hata nimetoka getini Yunisi akanipigia simu.

"Hukutuuliza," alisema.

"Dada, hamfungwi tena, nimehakikisha—"

"Upatu hauvunjwi na mtu mmoja. Unaitisha kikao, unasema, watu wanasema. Kampuni haikutuuliza, serikali haikutuuliza, na wewe mtoto wa mama yangu hukutuuliza." Akakata simu. Nilibaki nimesimama juani, na ile hasira niliyokuja nayo kwa ajili yao ilikuwa sasa inanigeukia mimi, kwa haki.

5

Jumatatu saa nane kasoro nilikuwa getini peke yangu na mlinzi. Wale mia mbili na wanne wa wiki ile walikuwa ndani tangu asubuhi. Barabara ilikuwa tupu. Bwana Mhina alitoka kunitazama, akarudi ndani, akatoka tena na kiti, akakaa.

Nilisikia kwanza, kabla ya kuona. Walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka upande wa shule, watu mia nne na wanane, hawaimbi wala hawasemi. Baadaye nilijua kwamba Yunisi aliitisha kikao Jumapili nzima, wakagombana mpaka sauti zikawakauka, na waliotaka kuja wakawashinda wasiotaka kwa kura chache tu. Desturi ya upatu ikawabeba hata wale walioshindwa. Yunisi alikuwa miongoni mwa walioshindwa. Alikuwa mbele, daftari chini ya kwapa, miguu mitupu, maana gambuti wiki ile zilikuwa kwa Maligo.

Aliweka kiganja getini. Geti likafunguka. Mashine ilimjua, ilikuwa imefundishwa kumjua. Akaingia, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake, na kila kiganja kilipowekwa geti lilifunguka kwa mlio uleule wa upole.

Jongoo alijaa. Walijaza vyumba vya kubadilishia nguo, wakajaza njia kati ya mashine, wakasimama kwenye ngazi. Sakafu ya kuoshea ina tindikali na watu walikuwa pekupeku, kwa hiyo sheria ya usalama ikamlazimu msimamizi kuzima mitambo. Kukawa kimya. Waliobaki hawakuwa na pa kukanyaga, wakasogea nje, kwenye kingo za mabwawa.

"Watoe," Bwana Mhina aliniambia. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Hawana kazi humu hawa."

"Ni waajiriwa wako wa kila siku. Umesaini mara mia sita na kumi na mbili. Waonyeshe vituo vyao vya kazi, niandike."

"Hakuna vituo."

"Rudia, nirekodi."

Hakurudia. Hakukuwa na haja, kishikwambi changu kilikuwa kimeshanasa.

Ikafika saa tisa. Minara haijui mgogoro wala ukaguzi, ilianza kuvuma kama kawaida yake. Mawingu yakaja kutoka pande zote za kata yakasongamana juu yetu, na mvua ikashuka ndani ya uzio, juu ya wale waliokosa nafasi. Karibu miaka saba ilikuwa haijawagusa. Wengine walikinga mikono. Mama mmoja alivua kilemba. Watoto wangecheka, lakini hakukuwa na watoto pale, na watu wazima wale hawakucheka. Walisimama wakiipokea kwa nyuso za watu waliorudishiwa kitu chao kikiwa kimetumika.

Yunisi alisimama katikati yao, daftari lake amelifunika kwa kanga ili lisilowe. Alinitazama moja kwa moja. Hakukuwa na shukrani machoni mwake.

Niliandika: nafasi za kazi zilizoonekana, mia mbili na nne. Chini yake nikaandika kwamba mhakiki ana ndugu wa damu Chigomba na alificha. Nikasaini yote mawili.

6

Hati ilifutwa, minara ikang'olewa, na ndani ya siku tisa Jongoo alikuwa ameondoka. Alikunja mabomba, akainuka kwa miguu yake mia na sitini, akaelekea kaskazini akiacha vishimo viwili viwili barabarani. Kesi dhidi ya kampuni ilifunguliwa mjini na bado inatajwa na kuahirishwa. Kwenye taarifa ya habari nikamwona Bwana Mhina akivishwa shada na mkuu wa wilaya mpya, na nyuma yao kikundi cha ngoma. Katika mambo ambayo wilaya ile ilijivunia kumwandalia mwekezaji, mtangazaji alitaja utaratibu wa wakazi kupokezana nafasi za kazi, uliofanya vizuri sana alikotoka. Nilizima televisheni nikaipiga teke, na mguu uliniuma siku mbili.

Barua ya Tume ya kunifukuza ilikuwa na mistari minne. Nikarudi Chigomba kwa sababu sikujua pengine pa kwenda na hasira ile. Mume wangu alisema nenda, utakuja ukipoa.

Watu mia sita na kumi na wawili hawakuwa na kazi. Wengine walinisalimia, wengine walivuka barabara. Siku ya tatu tangu nirudi mvua ilinyesha, ya kawaida, hovyo hovyo, ikakosa nusu ya mashamba na kupoteza maji mengi juu ya paa la benki. Ilinyesha pia kwenye ekari mbili za baba. Nilisimama kwenye vijiti vile vikavu nikiwa nimevaa viatu vya ofisini, na tope likavimeza.

Yunisi alikuja kupitia njia ya nyuma. Daftari lilikuwa kwapani. Mkononi alishika gambuti za Jongoo, namba ya Maligo, na jembe. Nyuma yake niliona watu ishirini hivi wakishuka kuelekea kwenye mifereji iliyofukiwa na mchanga, kila mmoja na chombo chake.

Alifungua daftari, akaandika kitu, akalifunga. Kisha akazitupa gambuti miguuni pangu. Ndani ya mpira, chini ya majina matatu, kulikuwa na la nne, wino wake bado mbichi.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua, dada."

"Vaa. Wiki hii ni zamu yako."